Pikapu ghali za gitaa la umeme: namna ya kupima mguso wa mkono na sauti ya rekodi

Malalamiko yanayonifikia ni ya aina mbili, na yanapingana. Mmoja amenunua pikapu za bei kubwa, yaani vile vifaa vya sumaku na koili vinavyokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme, akazifunga, akapiga mpaka usiku wa manane akisema gitaa limefufuka. Baadaye anasikiliza alichorekodi, na hawezi kukitofautisha na rekodi zake za zamani. Mwingine amesikiliza rundo la rekodi za kulinganisha, hakusikia tofauti yoyote, akatangaza kwamba pikapu ghali ni utapeli mtupu.

Wote wawili wameteleza mahali pamoja. Kuna maswali mawili hapa, na wao wamechukua jibu la swali moja kujibia jingine.

Swali la kwanza ni la mkono: ninapopiga, gitaa linanijibu vipi? Swali la pili ni la msikilizaji: mtu asiyeshika gitaa, anayesikia spika tu, anapata tofauti gani? Pikapu inaweza kufaulu swali moja na kufeli jingine, na hakuna ajabu katika hilo. Kinachotakiwa ni kuyapima mbalimbali, kila moja kwa njia yake, halafu ulipie kile unachokihitaji kweli.

Tenga siku mbili tulivu, mbali na zile za jaribio la mkono la Hatua ya 8. Ukikimbiza kazi hii jioni moja baada ya kutoka kazini, utapima uchovu wako.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Gitaa likiwa bado na pikapu zake za zamani. Kama umekwisha kuzing'oa, zirudishe. Bila hizo huna cha kulinganisha nacho.
- Pikapu mpya. Soma masharti ya kurudisha kabla hujakata waya, kwa sababu wauzaji wengi hawapokei pikapu ambayo waya wake umefupishwa.
- Seti mbili mpya za nyuzi, za chapa moja na unene mmoja.
- Kebo moja. Hiyohiyo kwa kazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho.
- Kadi ya sauti yenye tundu la gitaa, yaani lile la ukinzani mkubwa, kwa kawaida megaomu 1.
- Kompyuta yenye programu ya kurekodi na programu ya kuigiza amplifaya.
- Amplifaya halisi, ile unayopigia kila siku.
- Multimita, pasi ya kulehemu ya wati 40 hivi, risasi ya kulehemu yenye fluksi ndani, bisibisi, na rula yenye milimita zinazosomeka.
- Tepu ya karatasi, kalamu, daftari na kipande cha kitambaa cheusi.
- Msaidizi mmoja. Asiwe mtu anayetaka ufurahi, wala yule uliyekwisha kumwambia pikapu hizo umezinunua kiasi gani.

## Hatua ya 1: Andika unachokitafuta

Kabla ya kugusa skrubu hata moja, andika sentensi mbili, moja ya mkono na moja ya rekodi.

Ya mkono inaweza kuwa hivi: "Nikipiga taratibu nataka sauti itulie safi, nikikaza mkono ianze kukwaruza, bila kugusa nobu yoyote." Ya rekodi: "Nataka nyuzi nyembamba zisizame besi na kinanda vikiingia."

Maneno kama joto, uhai na roho yaache nje ya daftari. Ni maneno matamu, lakini hayana mahali pa kushikia. Kila pikapu unayoipenda siku hiyo itakuwa nayo.

Umefaulu hatua hii kama mtu mwingine anaweza kusoma sentensi zako na kukuambia ndiyo au hapana baada ya kusikiliza.

## Hatua ya 2: Ipe pikapu ya zamani haki yake

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika kabla hayajaanza. Mtu anatoa pikapu iliyokaa miaka bila kurekebishwa, chini ya nyuzi zilizoshika kutu, anafunga mpya kwa uangalifu mkubwa chini ya nyuzi zinazong'aa, kisha anaisifu pikapu. Amelinganisha matunzo na uzembe.

Anza na nyuzi. Funga seti mpya, zivute mpaka zitulie, piga saa moja. Nyuzi zilizotoka paketini hung'aa kupita kiasi kwa muda, na tofauti ya uzi mpya na uzi wa wiki tatu ni kubwa kuliko tofauti ya pikapu nyingi.

Kisha urefu wa pikapu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima umbali kutoka chini ya uzi hadi juu ya kichwa cha sumaku au skrubu ya pikapu. Anzia milimita 2.5 upande wa nyuzi nene na milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba, halafu panda au shuka robo mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, ukisikiliza.

Pikapu ikikaribia sana, sauti inakuwa kubwa na mpigo wa kwanza unakuja kwa ghafla. Ikishuka, mpigo unalainika na nafasi kati ya kupiga pole na kupiga kwa nguvu inapanuka. Hayo ndiyo maneno yanayotumika kusifia pikapu ghali, na hapa unayapata kwa bisibisi.

Tahadhari: pikapu za koili moja zenye sumaku za fimbo huvuta nyuzi. Zikiwa karibu mno, uzi mnene ukipigwa kwenye freti za juu hutoa sauti inayoyumba, kana kwamba noti mbili zinagombana, na noti haidumu. Ukisikia hivyo usikimbilie kulaumu daraja la gitaa. Shusha pikapu kwanza.

Mwisho, kebo. Kila mita ya kebo ya kawaida ina kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme, ya takriban pikofaradi 100. Koili ya pikapu ikikutana na kapasitansi hiyo hutengeneza kilele, mahali ambapo sauti huinuka kabla ya kuporomoka, mara nyingi kati ya kilohezi 2 na 5. Kebo ikirefuka kilele kinashuka na gitaa linakuwa zito. Ikifupishwa, ukali unarudi. Kwa hiyo mita 3 na mita 6 kwenye pikapu ileile zinaweza kusikika kama pikapu mbili. Kama lalamiko lako ni kwamba gitaa limefifia, jaribu kebo fupi kabla ya kufungua pochi.

Umefaulu kama huoni tena cha kurekebisha bila kununua kitu. Na usishangae ukiishia hapa. Kuna wanaomaliza safari yao kwenye hatua hii, na pesa yao inabaki mfukoni.

## Hatua ya 3: Rekodi pikapu ya zamani

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, bila pedali na bila amplifaya. Unataka ishara tupu ya pikapu, ambayo baadaye utaipitisha kwenye amplifaya ileile ya programu kwa pikapu zote mbili.

Hakikisha kitufe cha gitaa kwenye kadi kimebonyezwa. Ukitumia tundu la kawaida la vyombo vya studio, ukinzani wake mdogo utaibebesha pikapu mzigo na kukata trebo, na pikapu zote zitasikika kama zimefunikwa blanketi.

Weka kiwango ili vilele vya mipigo mikali visivuke desibeli 12 chini ya kikomo. Nafasi hiyo ni ya pikapu mpya, ambayo huenda ina nguvu zaidi. Kisha bandika tepu juu ya nobu ya kadi isiguswe tena. Nobu za gitaa zote ziwe wazi kabisa.

Bandika kipande kingine cha tepu pembeni mwa gitaa, mahali ambapo plektra itagonga nyuzi. Kusogeza mkono sentimita 2 kuelekea darajani hubadilisha sauti waziwazi, na mkono husogea bila kuomba ruhusa.

Kwa metronomu ya mipigo 90 kwa dakika, rekodi haya:

1. Nyuzi sita moja moja, kila moja iachwe mpaka ife yenyewe.
2. Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kamili safi, kwa mkono wa wastani.
3. Ridhimu iliyozibwa kwa kiganja karibu na daraja.
4. Solo fupi yenye kukunja nyuzi.
5. Kipande kimoja unachokianza kwa mguso mdogo kabisa na kukimaliza kwa nguvu zote.

Kila kipande kirekodiwe mara nane. Usichague kilicho bora, hifadhi vyote. Huwezi kupiga mara mbili sawasawa, hakuna anayeweza, kwa hiyo dawa ni kuwa na nakala nyingi ili tofauti za mkono zigawanyike pande zote.

Malizia kwa sekunde 20 za kimya: kumi mkono ukiwa juu ya nyuzi, kumi ukiwa umeuondoa. Kaa kwenye kiti kilekile, ukitazama upande uleule. Mvumo wa umeme, wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi uliyopo, hubadilika sana kwenye koili moja ukigeuka tu.

Tahadhari: usiweke kompresa (kifaa kinachobana tofauti za ukubwa wa sauti) wala kizuia kelele. Vyote viwili hufuta kile unachokuja kukipima.

## Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja tu

Pikapu za bei mara nyingi huja na potensiomita (vile vipingamizi vilivyo chini ya nobu) na kapasita mpya kwenye mfuko mmoja. Ziweke kando kwanza. Potensiomita ya kiloomu 500 huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, kwa hiyo ya zamani inaweza kuwa na 410 na mpya ikawa na 560, nawe ukausifia ung'avu wa sumaku ilhali ni kazi ya nobu. Lehemu pikapu mpya kwenye vifaa vilevile vya zamani.

Piga picha ya nyaya kabla ya kutenganisha chochote. Rangi za nyaya hazifanani kati ya watengenezaji, kwa hiyo usifuate rangi za pikapu iliyotoka. Fuata mchoro wa ile inayoingia.

Tahadhari: legeza nyuzi kwanza ndipo uzikate, uzi uliokazwa ukikatwa huruka usoni. Ncha ya pasi iguse kiungo kwa sekunde chache tu, kwa sababu joto likipanda kwenye waya huyeyusha nta inayoshikilia koili. Usiweke bisibisi ya chuma karibu na koili iliyo wazi. Sumaku huinyakua, na waya wa koili una unene wa takriban milimita 0.06. Ukikatika, pikapu imekufa.

Funga seti ya pili ya nyuzi, zivute, zipige saa moja kama ulivyofanya mwanzo.

## Hatua ya 5: Hakikisha imefungwa sawa

Pima ukinzani wa koili kwa multimita na uandike. Pikapu za koili moja za mtindo wa zamani huwa kati ya kiloomu 5.5 na 7 hivi, hambaka (pikapu za koili mbili zinazofuta mvumo) za mtindo wa zamani kati ya 7 na 9, na zile kali hupita 13. Namba yako ikikaribia ile ya kwenye boksi, koili ni nzima. Usishtuke ikipishana kidogo: ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, hivyo koili ya kiloomu 8.0 kwenye chumba cha nyuzijoto 20 itasomeka karibu 8.3 ikifika nyuzijoto 30.

Zaidi ya hapo namba hiyo haikuambii mengi. Watu huisoma kama nguvu ya farasi, lakini waya mwembamba zaidi hupandisha ukinzani hata idadi ya mizunguko ikibaki ileile. Nguvu hutoka kwenye mizunguko, sumaku, umbo la koili na umbali wa nyuzi, vyote kwa pamoja.

Chomeka gitaa, sauti ikiwa chini, gusa kichwa cha sumaku kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga spikani, pikapu iko hai. Kisha weka swichi mahali pikapu mbili zinapofanya kazi pamoja. Sauti ikiwa nyembamba, ya puani, isiyo na besi, pikapu mbili zinapingana. Badilishana nyaya mbili za koili ya mojawapo, mradi waya wa kinga uwe umetenganishwa nazo.

## Hatua ya 6: Weka urefu, kisha rekodi mpya

Usinakili milimita za pikapu ya zamani kwa upofu. Pikapu mpya ina sumaku tofauti na mahali pake pazuri ni kwingine. Irekebishe kama ulivyoirekebisha ile ya kwanza, kwa muda uleule. Andika vipimo.

Sasa rudia Hatua ya 3 bila kubadilisha chochote: kebo, tepu, metronomu, plektra, kiti. Ndiyo, hata plektra. Ya unene tofauti, au iliyochakaa ncha, inasikika.

## Hatua ya 7: Jaribio la sikio

Sasa una mafaili mengi ya pikapu ya zamani na mengi ya mpya. Yapitishe yote kwenye amplifaya moja ya programu, kwa mipangilio ileile.

Kazi ya kwanza ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Tumia kipimo cha wastani wa sauti kilichomo kwenye programu, si kilele, na uyalete mafaili ndani ya desibeli 0.2. Fanya hivyo kabla ya amplifaya na tena baada yake. Hili ndilo jambo la muhimu kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu tofauti ya desibeli 1 haisikiki kama sauti kubwa zaidi. Husikika kama sauti bora zaidi, iliyojaa, yenye uwazi. Pikapu nyingi hushinda kwenye maonyesho ya mauzo kwa sababu hiyo tu.

Mpe msaidizi mafaili. Ayape majina yasiyosema kitu, ayachanganye, na ahifadhi orodha mwenyewe. Halafu:

1. Acheze kipande cha A na cha B ukijua ni kipi ni kipi, usikilize mpaka uhisi umeshika tofauti.
2. Acheze kipande X, ambacho ni A au B kwa kurusha sarafu, na wewe useme ni kipi. Asikae unapoona uso wake.
3. Rudieni mara 16, kila mara kwa nakala nyingine kati ya zile nane.

Vipande viwe vifupi, sekunde nne au tano. Kumbukumbu ya sikio kwa vitu vidogo namna hii haidumu, na ukisikiliza dakika mbili za A kabla ya B unakuwa unalinganisha na hadithi uliyojisimulia.

Ukipata 12 au zaidi kati ya 16, una haki ya kusema unasikia tofauti. Anayebahatisha hufika hapo takriban mara 4 katika 100. Ukipata 9 au 10, hujathibitisha kwamba unasikia kitu, hata kama moyo unabisha.

Sasa mtego ambao wengi hawautegi. Mwambie msaidizi achomeke, bila kukutaarifu, duru moja ambayo A na B zote ni pikapu ya zamani, nakala tofauti tu. Ukizielezea kwa ufasaha tofauti za pikapu moja na yenyewe, jua kwamba umekuwa ukisikiliza mkono wako. Rudi kwenye rekodi, kaza nidhamu ya upigaji, anza upya.

Fanyeni jaribio mara tatu: gitaa peke yake likiwa safi, gitaa peke yake likiwa na mkwaruzo mwingi, na gitaa ndani ya miksi yenye ngoma, besi na sauti ya mwimbaji. Tarajia alama kushuka kadiri unavyosonga. Mkwaruzo hubana tofauti za ukubwa wa mpigo na kuongeza mawimbi mapya juu ya yale ya pikapu, na miksi hufunika kilichobaki. Mtu anayeishi kwa ridhimu za mkwaruzo ndani ya bendi nzito na mtu anayepiga solo safi juu ya besi peke yake hawanunui kitu kimoja, hata wakinunua pikapu ileile.

Ukitaka kujua kama nguvu ya ziada ya pikapu mpya inakufaa, rudieni bila kusawazisha, lakini baada ya kumaliza duru zote za haki. Kumbuka kwamba nguvu hiyo inapatikana pia kwa pedali ndogo ya kuongeza sauti.

## Hatua ya 8: Jaribio la mkono

Rekodi haiwezi kukujibia swali hili. Unapopiga, pikapu, amplifaya na vidole vyako vimo kwenye mzunguko mmoja: unasikia, unabadilisha mkono, unasikia tena. Rekodi inakata mzunguko huo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kisichosikika kwenye rekodi hakipo.

Vipo vitu halisi vinavyofika mkononi. Pikapu yenye nguvu huisukuma amplifaya mapema, na amplifaya iliyosukumwa hubana mpigo, hivyo gitaa linahisi laini chini ya vidole. Pikapu yenye nguvu kidogo huacha nafasi, na kila kosa linasikika. Sumaku iliyo karibu hufupisha maisha ya noti. Mlio wa kujirudia kutoka spikani huja upesi au huchelewa. Na nobu ya volyumu ikishushwa hadi 6, pikapu moja inasafika huku nyingine inazama tu.

Lakini mkono nao hudanganywa, tena kirahisi. Unajua umelipa nini. Kumbe pia unasikia mbao za gitaa kifuani na nyuzi zikilia hewani, sauti ambazo pikapu haikuzitengeneza. Kwa hiyo:

Tumia amplifaya halisi, kwa sauti ya mazoezi. Ukipigia kwenye kompyuta, ucheleweshaji wa milisekunde kumi na zaidi huanza kuhisiwa na wapigaji wengi kama uzito wa gitaa. Hapo unapima kompyuta.

Ficha pikapu. Bandika kitambaa cheusi juu ya pikapu zote, kisiguse nyuzi. Kama gitaa lako lina bamba linalobeba pikapu zote, kuwa na bamba la pili lililokwisha kulehemiwa, lenye potensiomita zilizopimwa na kukaribiana, hufanya ubadilishaji kuwa kazi ya dakika chache.

Msaidizi aamue. Mwachie gitaa, utoke chumbani. Arushe sarafu: abadilishe au asibadilishe. Hata asipobadilisha, atoe nyuzi, afungue skrubu, akae muda uleule, usije ukajua kwa saa. Kama msaidizi hajui kulehemu, mpe fundi kazi hiyo na maagizo hayohayo kwa maandishi. Rudieni mara sita au zaidi, mkigawa kwa siku kadhaa. Ndiyo, inachosha, na nyuzi zinaliwa. Mwenye kununua pikapu moja ya kawaida asijisumbue. Kazi hii ni ya anayetaka kumwaga fedha nyingi.

Unaporudi, piga dakika kumi na ujibu maswali matatu tu, kwa alama ya 1 hadi 5: Nafasi kati ya kupiga pole na kukaza mkono ni pana kiasi gani? Volyumu ikishushwa hadi 6, sauti inasafika? Noti ya freti ya 12 kwenye uzi wa tatu inadumu? Usiandike "nzuri". Andika namba.

Weka kipimo cha uongo. Siku moja msaidizi asiguse pikapu kabisa. Badala yake apandishe amplifaya kwa desibeli 1 au 2, nobu yake ikiwa imefunikwa. Ukirudi na kusema "leo gitaa linajibu kuliko jana", umepata habari yenye thamani kuliko pikapu yenyewe: mguso unaoutafuta unatoka kwenye ukubwa wa sauti, na tiba yake ni nobu.

Umefaulu kama alama zako za pikapu moja zinafanana kila inaporudi, na zinatengana na za pikapu nyingine. Alama zikirukaruka, mkono wako bado hauna ushahidi.

## Hatua ya 9: Jaribu kuiga kwa ikwalaiza

Kama jaribio la sikio lilifaulu, bado swali moja. Chukua rekodi ya pikapu ya zamani, ongeza au punguza desibeli 2 au 3 kati ya kilohezi 2 na 5, gusa kidogo besi chini ya hezi 200, uisogeze karibu na mpya. Sawazisha ukubwa tena. Rudia jaribio la X.

Usipoweza tena kuzitofautisha, kwa upande wa rekodi umenunua mpangilio wa ikwalaiza. Ukiendelea kuzitambua, sikiliza kilichobaki: mara nyingi ni mvumo, au namna mpigo wa kwanza unavyoanza.

Linganisha pia zile sekunde 20 za kimya. Hambaka dhidi ya koili moja, tofauti hapa haihitaji msaidizi wala sarafu, na kwa anayerekodi chini ya taa za umeme na karibu na skrini inaweza kuwa sababu tosha ya kununua.

## Hatua ya 10: Amua

Sikio ndiyo, mkono ndiyo. Baki nazo. Hapo ndipo ufunge zile potensiomita mpya, ukiwa unajua kila kimoja kimeongeza nini.

Sikio hapana, mkono ndiyo. Kama unapiga jukwaani au kwa starehe yako, hii ni sababu halali. Anayestarehe hupiga zaidi na kwa ujasiri. Usimwahidi prodyusa wako kwamba rekodi itabadilika.

Sikio ndiyo, mkono hapana. Inafaa kwa gitaa la studio. Kama ikwalaiza iliweza kuiga, rudisha pikapu, hifadhi mpangilio.

Hapana zote mbili. Rudisha upesi, ndani ya muda wa masharti. Tumia fedha hizo kwenye spika ya amplifaya, ambayo hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho hata jirani asiyejua gitaa ataking'amua.

Pikapu zinazotoka, za zamani au mpya, zifunge moja moja kwenye karatasi, kila moja na skrubu na springi zake. Juu yake andika mahali ilipokaa, shingoni au darajani, ukinzani uliosomeka, na milimita ulizokuwa umefikia. Mafaili ya ishara tupu usiyafute. Pikapu inayofuata ikikujia na sifa zake, rekodi ya kulinganisha nayo utakuwa nayo tayari, mradi kebo na plektra vibaki vilevile.